Mbuzi wa Kikao cha Kumkataa Masudi

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 1996, Masudi Juma, mwenye bucha Miyuji, alichinja mbuzi wa kikao kilichoitishwa kumzuia asioe.

Hakuna aliyeona ajabu. Tangu apunguzwe kazini serikalini na kufungua bucha, yeye ndiye aliyechinja kwenye kila shughuli ya mtaa: harusi, kipaimara, msiba. Wakristo walimwita ili wageni wao Waislamu nao wale. Aliyemwita zaidi ya wote alikuwa Batholomeo, mzee wa kanisa. Kisu cha Masudi alikiamini. Asichotaka ni binti yake Evelina kuolewa na mwenye kisu.

Evelina alishamwambia Masudi: kila mtu na dini yake, ndoa wafungie bomani, lakini si kabla baba hajaridhia.

Batholomeo hakupenda kuitwa mdini. Kwa hiyo kwenye kikao cha kumkataa Mwislamu alimwalika Mwislamu, jirani yake Athuman. Athuman lazima ale, na mikono yake inatetemeka, hawezi kuchinja. Akaitwa Masudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbuzi yuko nyuma. Usikawie, tunakujadili saa nane."

Masudi alimkuta mbuzi amejinyonga kwa kamba. Kibudu, hafai. Angeondoka, kikao kingeahirishwa, naye alishachoka kungoja kukataliwa. Akaenda bandani kwake, akaleta beberu wake mwenyewe, akachinja, kisha akakaa uani.

Wajumbe walianza na chakula.

"Kijana hana tatizo," Batholomeo alifungua kikao. "Mchapakazi, hanywi, hana maneno."

"Sasa tatizo ni nini?" Athuman aliuliza.

"Ndilo tunalolijadili."

"Sawa. Nisogezee maini."

Shangazi Priska, dada yake Batholomeo, alitoka kuongeza mchuzi. Alirudi na bakuli tupu.

"Kaka, mbuzi wako yuko nje mzimamzima, na ngozi yake. Sisi tumekula nini?"

Masudi akaitwa.

"Ni wangu, shangazi. Wenu alikufa."

Priska akaweka bakuli chini. "Kwetu wazee wakila mbuzi wa mposaji, wameitikia."

"Mimi mgeni tu," Athuman alisema, anatafuna. "Ila alinona."

Mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba watapike. Hakupata wa kumuunga mkono.

"Tutamrudishia mbuzi," Batholomeo alisema.

"Mpe sasa hivi," alisema Priska.

"Haiwi hivyo. Posa ni ya wazee. Mbuzi atarudi kwa baba yake Masudi, kijijini Busi, tumkabidhi mbele ya ukoo."

Evelina alikuwa anakusanya sahani. "Baba, mkifika Busi na mbuzi, wazee wa kule watadhani mmefuata nini?"

"Tutawaeleza."

"Na wakiwapikia?"

Batholomeo alifikiri kidogo. "Tutakula. Siwezi kumdharau mtu nyumbani kwake. Mimi si mdini."

Evelina alimtazama Masudi, kisha akaendelea na sahani zake.

Jumamosi ijayo wajumbe wanne watapanda basi la Kondoa na mbuzi mmoja. Hakuna kati yao anayejua njia ya Busi, kwa hiyo Masudi ndiye atakayewapeleka. Mama yake ameshaambiwa apike.