Diski Iliyopigwa Msasa

Kwetu Tabaka, wanaume wanachonga mawe, wanawake wanapiga msasa. Mtu akikuambia kuna mpango mwingine, mwambie akaangalie kucha za mama yake. Mimi nilikaa kwenye karai la maji miaka miwili, nikisugua vinyago vya viboko na sahani za mawe mpaka ziwe laini, mtoto wangu amelala kwenye gunia nyuma yangu akikohoa vumbi jeupe. Baba yake alienda Nairobi kutafuta kazi. Nadhani alipata, kwa sababu hakurudi.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kikundi chetu cha wachongaji aliponiita ofisini, kwa vile nilisoma kompyuta mpaka kidato cha nne, sikuuliza mshahara. Niliangalia mlango. Ulikuwa unafungika. Mtoto angelala ndani, mbali na vumbi.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, inatumia Linux, zawadi ya mnunuzi fulani wa ng'ambo. Intaneti hakuna. Oda mpya ilipoletwa kwenye diski, kompyuta ilikataa kuifungua, programu zake zilikuwa za zamani mno.

"Ijumaa nataka orodha ya oda mkononi," mwenyekiti akasema. "Ukishindwa sema mapema. Shemeji yangu ana diploma na amekaa tu nyumbani."

Nilinakili kwa kalamu, kwenye karatasi ya daftari, toleo la ile Linux na nambari zake zote, nikampelekea mwalimu mmoja wa chuo mjini Kisii. Akapakua masasisho yote kwa mashine yake, akayachoma kwenye diski nyingine. Flash isingesaidia. Matundu ya flash yalikuwa yameliwa na vumbi, na mawili yaliyobaki yalishika kibodi na kipanya. Akaniandikia amri ya kuiambia kompyuta isome diski, isitafute intaneti. "Na hii sehemu inayong'aa usiiguse," akaniambia.

Sikuigusa. Jumatano nilitoka kuosha chupa ya chai ya mwenyekiti, na niliporudi nikakuta ameitoa diski kwenye karatasi yake, ameilaza kifudifudi juu ya meza yenye vumbi la mawe, kikombe juu yake.

"Nilidhani ni ya kuwekea kikombe," alisema.

"Na maandishi ya mwalimu juu yake hukuyaona?"

"Wewe mama, punguza mdomo. Weka tuone."

Niliiweka. Majina ya programu yakaanza kupita kwenye skrini moja baada ya jingine, kisha yakasimama. Diski haisomeki. Nikaitoa, nikaipangusa kwa pindo la leso, kutoka katikati kwenda nje, nikairudisha. Ikapita pale ilipokwama, ikafika karibu nusu. Nikapangusa tena, ikasogea kidogo. Jioni nilikuwa na hakika kwamba kesho yake, kwa subira, ingemaliza. Nikaibeba nyumbani, maana ofisini kuna vikombe.

Nyumbani ni kwa mama mkwe. Ndiye anatulisha, mimi na mtoto, na amepiga msasa mawe tangu kabla sijazaliwa. Aliniuliza mbona nimenuna. Nikamjibu vibaya: ni mikwaruzo, hiyo tu, ingekuwa laini ningekuwa nimeshamaliza.

Maneno ni yangu hayo. Nayakumbuka moja moja.

Asubuhi nilipotoka mtoni nilimkuta mlangoni, diski mapajani. Alikuwa ametumia ule msasa wa maji laini kabisa tunaomalizia nao, akafuata nta, akafuata kitambaa. Aliifanyia yote anayoifanyia sahani ya mnunuzi.

"Tazama," akasema. "Kuna mkwaruzo hapo?"

Mikwaruzo haikuwepo. Kulikuwa na ukungu mweupe, kama ule ulioanza kuingia kwenye macho yake mwenyewe. Nilimchukia. Sitasema nilimhurumia, nilimchukia, na kama angekuwa mtu mwingine ningemtupia mtungi. Naye akainuka, akanipa ndizi za kuchemsha kwenye sahani. "Kula kwanza. Mtu wa ofisi haendi na njaa."

Ofisini kompyuta haikuitambua ile diski kabisa. Na kwa kuwa nusu ya programu zilikuwa mpya na nusu za zamani, hata zile zilizofunguka jana zilikataa. Nikampigia mwalimu. Alikuwa amesafiri mpaka wiki ifuatayo.

Mwenyekiti akafunga mlango, akaichukua diski, akainusa.

"Hii ni nta. Nani ameipaka?"

Kikundi chetu kina sheria: ukiharibu kitu kilichokwisha kutengenezwa, unakaa nje mpaka oda iishe. Lakini mwezi mzima mwenyekiti alikuwa akitafuta sababu ya kuwapunguza wamama wazee, ati mikono yao imekuwa mizito. Mzee akitoka, harudi. Hilo nilijua, na yeye alijua nyumbani kwetu nta ni ya nani.

"Ni mimi," nikasema.

"Kidato cha nne kizima, halafu unapiga kompyuta msasa?"

"Kilianza kikombe chako."

"Kikombe ndicho kilichokuambia uipake nta?"

Hakumtajia mtu nta, maana ningetaja kikombe. Aliwaambia watu kwamba nimeshindwa na mashine. Ijumaa shemeji yake alikuja na kompyuta ya mkononi, akaifungua oda kwa muda mfupi tu. Mimi nikakaa nyumbani nikipalilia migomba ya mama mkwe mpaka oda ikaisha. Nilimwambia kazi amepewa shemeji wa mwenyekiti, na hilo lilikuwa kweli.

Siku niliyorudi kwenye karai, mama mkwe alinisogezea kigoda kando yake. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa. Shemeji hapendi vumbi.

"Hata hukuniambia," mama mkwe akasema mbele ya wenzake. "Ile diski yako ilisoma?"

"Ilisoma, mong'ina," nikamjibu, kama tunavyowaita wamama wazee kwa heshima.

"Mnasikia?" akawaambia. "Hata kompyuta inataka mkono wa mtu mzima."

Wakamcheka, naye akacheka nao. Akanisukumia kiboko ambacho hakijaguswa. Nikakisugua mpaka maji yakawa meupe, na nyuma yangu, kwenye gunia, mtoto akaanza kukohoa.