Mwavita Atumwa Kuona Maporomoko

Kuna uchovu unaoisha mtu akilala, na kuna mwingine ambao ukiulaza unaamka kabla yako. Mwavita alikuwa na huo wa pili. Tangu mvua za kwanza alikuwa akilala kwenye saruji, katika ua wa hospitali kubwa ya Kisangani, mkeka chini, sufuria kichwani pake asije akaibiwa. Ua ule ulijaa watu kama yeye, walinzi wa wagonjwa, garde-malade kama walivyoitwa. Wao ndio waliowasha moto kabla ya alfajiri, wakapika uji, wakafua mashuka, wakatafuta bandeji sokoni, wakawageuza wagonjwa wao ubavu huu na ubavu ule. Walikuwa wametoka Opala, Ubundu, Bafwasende, na wengi wao hawakujua hata mto uko upande gani. Mji kwao ulikuwa ukuta wa hospitali, bomba la maji, na meza ya muuza chumvi ng'ambo ya barabara.

Mgonjwa wa Mwavita alikuwa mke mwenzake, na jambo hilo liliwashangaza wenziwe wa uani.

"Mbanda wako?" aliuliza Claudine, aliyetandika mkeka jirani. "Unaosha mbanda wako na mikono yako mwenyewe? Na bwana iko wapi?"

"Alikufa."

"Sasa nani anakulazimisha?"

Mwavita aliendelea kukamua shuka. Mume wao, Assumani, dereva wa lori, alizikwa Bafwasende zamani kidogo, na wake zake wawili, wote watu wa Maniema, wakabaki katika nyumba ile ile kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuanza kugawana mabati. Waligombana kwa chumvi, wakapatana kwa kuni. Mkubwa, Binti Lukumani, aliitwa kwa jina la baba yake kama wanawake wengi wa Kiislamu wa kwao, na ulimi wake ulikuwa umewahi kumkimbiza hata mkusanya kodi. Kisha tumbo lake likaanza kuvimba upande mmoja. Nesi wa Bafwasende akalibonyeza, akatikisa kichwa, akasema hapa hakuna dawa, nendeni Kisangani. Mwavita akafunga mizigo ya watu wawili.

Basi asubuhi moja daktari alipita akasema kwamba kesho watampasua. Binti Lukumani hakulia. Alingoja daktari aende, akamwita mwenzake karibu.

"Mbanda wangu, nikufe kesho ao nisikufe, ile ni kazi ya Mungu. Lakini niko Kisangani siku zote hizi, nimeona nini? Plafond, dari hii tu! Nenda leo uone maporomoko ya wavuvi Wagenia. Uone ile maji inapigana na mawe, na vile vitunga vyao vya kukamata samaki, vikubwa kama nyumba, wanasema. Halafu rudi uniambie yote, pole pole. Nikisikia, bon, roho yangu itatulia."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomshika Mwavita shingoni. Alitoka nje nalo kama mtu aliyebeba kaa la moto kiganjani, akamwambia Claudine.

Claudine aliacha kukoroga chungu. "Usiende."

"Mgonjwa ameomba."

"Njo maana nasema usiende! Wangu aliomba papai. Nilitafuta papai mpaka kule sokoni, na haikuwa majira yake. Alikula yote, akalamba kisu. Akasema, Claudine, sasa niko sawa." Aliinua bakuli tupu lililokuwa kando yake. "Unaona niko hapa nangojea mashua ya kurudi kwetu, na bakuli ya nani? Mutu akimaliza hamu yake, nini tena itamushika hapa duniani?"

Mwavita alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo. Uani kila mtu aliliona. Mgonjwa anatamani samaki, anatamani lituma, ndizi ya kupondwa, anatamani sauti ya dada yake, anapewa, anatabasamu, na asubuhi mkeka wa mlinzi wake unakunjwa. Kumnyima mgonjwa ni dhambi. Kumpa, nani ajuaye ni nini? Alisimama pale na kikwembe chake cha pili begani, na mwishowe akaenda, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kurudi ndani kusema hapana.

Basi la kwanza lililofika lilikuwa la kawaida la mji, si zee sana, mwenge wa chama tawala umechorwa ubavuni na nusu ya mkono unaoushika umekwisha kubanduka.

"Inaenda Wagenia?" aliuliza.

"Inaenda Tshopo, mama. Panda tu, muji ni mumoja," alisema mkata tiketi, akamvuta ndani kwa kiwiko.

Hivyo ndivyo alivyouona mji, kwa kukosea njia. Akaona barabara pana yenye miti pande zote mbili, na maduka ambayo wafanyabiashara wa Kigiriki waliyaacha, kisha waliopewa na serikali nao wakayaacha, milango yake imefungwa kwa minyororo na majina yakisomeka nusunusu chini ya chokaa. Akaona wanawake wamepanga mihogo juu ya ngazi za benki. Akaona kundi la makarani wamesimama mbele ya ofisi, mashati yamepigwa pasi vizuri, wakingoja kitu ambacho, kwa jinsi walivyoegemea ukuta, walikuwa wamekingoja jana pia. Aliyatazama yote kwa bidii, akijaribu kuyahifadhi, lakini kila alilolitia kichwani lilisukuma jingine nje.

Walipofika darajani, maji meupe yalikuwa yakimwagika kwa kishindo na mvuke ukipanda. Mwavita alisimama akashika kifua.

"Hii ndiyo Wagenia?"

Basi zima lilicheka. "Hii ni barrage, mama, bwawa ya umeme!" alisema mzee mmoja mwenye mwavuli. "Inaleta taa. Maji ya hapa inafanya kazi ya serikali. Ile ya Wagenia inajifanyia kazi yake yenyewe!"

Mwavita naye alicheka, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kueleza, akarudi na basi lile lile hadi mjini, mbele ya posta, mahali pa kungojea basi la maporomoko.

Basi hilo watu waliliita Koko, yaani bibi. Wabelgiji ndio waliolileta, na walipoondoka halikuwa jipya. Pua yake ilikuwa ndefu kama ya lori, madirisha yaliteremshwa kwa mkanda wa ngozi, na juu ya kichwa cha dereva palikuwa na kibao cha Kifaransa kinachokataza kutema mate, ambacho vita, waasi na mawaziri wote walikuwa wamekiacha mahali pake. Mabasi mapya yalikuwa gereji yakingojea vyuma kutoka ng'ambo. Koko hakungojea chochote. Kilichokatika kilifungwa kwa waya.

Dereva, Télesphore, alivaa beji ya chama kifuani na kandambili miguuni. "Citoyens, citoyennes," alisema, "Koko ameamka vibaya leo. Wanaume chini, tusukume."

Wanaume walisukuma, Koko akakohoa, akakubali. Mwavita alipata kiti cha dirishani, karibu na injini. Aliyeketi ubavuni mwake alikuwa mwanamke mnene mwenye gunia la maharage mapajani, mfanyabiashara wa Butembo kwa jina Kasoki.

"Unaenda wapi, mama?"

"Wagenia."

"Kununua samaki?"

"Kuangalia."

"Kuangalia bule?" Kasoki alimgeukia, akamtazama vizuri. "Mimi niko hapa tangu watoto yangu iko mgongoni, na maduka yangu iko karibu na kule, sijaenda kuangalia hata siku moja. Maji ni maji. Bon, kila mutu na hamu yake. Nitakuambia fasi ya kushuka."

"Aksanti, mama."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema akiwa macho. Sakafu ilikuwa na joto la injini, joto la jikoni kwa mama, likipanda polepole kutoka nyayoni. Dirisha lilimtikisa kichwa kama mkono unaobembeleza. Bega la Kasoki lilikuwa pana, laini, linanukia sabuni ya mche na maharage makavu, na hakuna aliyekuwa akiita nesi, hakuna aliyeomba kugeuzwa, hakuna chungu kilichokuwa kikifurika. Mwavita alijiambia afumbe macho mpaka kona ile tu. Kona ikapita. Usingizi ukamchukua kama mto unavyochukua gogo, bila haraka na bila kuuliza.

Mengine alisimuliwa baadaye na dereva. Kwamba mahali pa kushukia, Kasoki alimtikisa, akamwambia, "Mama, tumefika, ona maji," naye akajibu kwa adabu, "Ndiyo, Yaya," yaani dada mkubwa, kama alivyozoea kumwita Binti Lukumani, akanyoosha mikono yote miwili, akamshika Kasoki kiunoni na kujaribu kumgeuza ubavu wa pili. Kwamba watu walianza kubishana.

"Amusheni yee!"

"Wacha. Angalia miguu yake, imepasuka kwa saruji. Huyu ni mutu wa hospitali."

"Lakini amelipa aone maji!"

"Maji itakauka leo?"

Kwamba Koko alienda hadi mwisho wa njia, akageuka, akarudi kupitia maporomoko yale yale, akakatiza mji hadi Mangobo, na huko kwenye kilima cha soko akazimika kabisa, watu wote wakashuka kusukuma. Mwavita naye alishuka. Aliweka viganja nyuma ya basi, akasukuma kama wengine, akapanda, akaketi, akaegemea dirisha. Macho hakuyafumbua vizuri hata mara moja.

Aliamka kwa sababu ya kimya. Jua lilikuwa limeshuka, viti vitupu, na basi limesimama mbele ya posta. Télesphore alikuwa amekaa ngazini akila kipande cha chikwange, mkate wa muhogo.

"Citoyenne, Koko anaenda kulala sasa. Na weye amuka."

"Wagenia iko wapi?"

"Tulipita. Tukarudi. Tukapita tena."

"Mbona hamukuniamsha?"

"Tulikuamsha, mama! Ulisema ndiyo Yaya. Na ule mama wa maharagi, alipokuwa anashuka, alituapia, mutu atakayekuamsha tena atakula gunia nzima mbichi."

Mwavita alitazama viganja vyake. Vilikuwa vyeusi kwa grisi. "Basi niambie weye. Iko namna gani, ile maji?"

Dereva alitafuna akiwaza. "Mi naangaliaka barabara, mama. Ukinuliza mashimo, nitakuambia yote."

Alirudi kwa miguu. Aibu ilimpanda usoni kila alipofikiria kile kitanda na yule anayengoja, lakini chini ya aibu palikuwa na kitu chepesi, kitu kilichofanana na kushukuru, nacho kilimwaibisha zaidi. Sikuona, kwa hiyo sina la kumpa. Hakujua tena kama ni macho yaliyojifumba au ni moyo ulioyafumba. Alikuwa amechoka mno kujiuliza mara mbili.

Binti Lukumani alikuwa ameomba aegemezwe kwenye mto. Alikuwa amejifunga kilemba safi, kama mtu anayekwenda kusikiliza maulidi.

"Haya. Anza mwanzo."

Mwavita aliketi ukingoni mwa kitanda. "Yaya, maji ni mingi."

"Mingi namna gani?"

"Nyeupe. Inaanguka, moshi inapanda. Inafanya kelele."

"Na vitunga?"

"Viko."

"Vinashikwa na nini, na ile maji iko na nguvu vile?"

Mwavita alifungua mdomo kutafuta jibu, na badala ya jibu ukatoka mwayo, mrefu, usiozuilika, machozi yakamtoka kwa huo mwayo.

Binti Lukumani alimnusa. "Na mbona unanuka mafuta ya motere?"

"Yaya, nililala."

"Ulilala?"

"Ndani ya bisi."

"Toka wapi mpaka wapi?"

"Toka posta mpaka posta."

Kwenye kitanda cha pili alilala Adèle, aliyeshonwa juzi. Alianza kucheka, akashika tumbo, akaomba Mungu amsaidie. Binti Lukumani hakucheka. Uso wake ulijikunja, ukawa ule uso ambao Mwavita aliujua tangu siku alipoingia katika nyumba ile kama bibi harusi.

"Mutu anakutuma uone maajabu ya Mungu, weye unaenda kukoroma! Kisangani nzima inapita mbele ya pua yako, weye unakoroma! Assumani alikuoa kwa sababu gani, sijui!"

"Nisamehe, Yaya. Claudine anapajua. Nimwite akuambie."

"Claudine! Mutu ambaye sombe yake inakosa chumvi, njo atanionyesha Wagenia? Sitaki macho ya kuazima." Alisukuma shuka. Alishusha mguu mmoja chini, akapumzika, akashusha wa pili. "Lala hapa."

"Yaya, kitanda ni ya mugonjwa."

"Mi nimechoka kulala. Lala, nasema!"

Mwavita alilala. Godoro lilikuwa na joto la mwenzake. Binti Lukumani alijiburuta hadi kwenye kiti cha chuma, akakaa akitweta, mkono kwenye tumbo lile lililovimba, na hasira ikimsimamisha mgongo.

"Unamuona huyu, mama Adèle?" alianza. "Sasa sikia. Kesho wakimaliza kunishona, wacha kidonda ikauke, nitapanda ile bisi mimi na yee. Nitamukalisha dirishani. Mi nitashika sindano mukononi, na akifunga jicho, hata moja, namuchoma."

"Usinichekeshe, mama, nyuzi zangu!"

"Na tukimaliza Wagenia tutaenda kule kwa barrage, maana ile moshi anayonidanganya nayo ameiona fasi fulani. Halafu ng'ambo ya mto, sijafika ng'ambo. Atanitembeza mpaka miguu yake ivimbe. Atajua mimi ni nani."

Mwavita alitaka kusema kwamba Koko ana viti vya mbao na kwamba kule Mangobo watasukuma. Midomo haikumtii.

"Angalia," alisema Binti Lukumani, akimvutia kikwembe miguuni. "Amelala tena, mushenzi huyu."