DX Nyekundu ya Kiamunyi

Binamu yangu Sumeya hanunui hata sufuria bila kuigonga. Anaigonga kwa pete yake ya ndoa, anasikiliza, anahamia upande wa pili. Ndivyo anavyofanya na magari pale gereji yao nyuma ya mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, ambako amekuwa akinyoosha bodi zilizobondeka tangu amalize shule. Wanaume wakija mara ya kwanza humcheka. Mara ya pili humwita fundi. Mimi naitwa Yaseen, mdomo wangu hauna breki, na Jumamosi ile pete yake nusura initie wazimu.

Tulikuwa tunatafuta Toyota DX ya zamani, zile zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Nilikuwa na injini ya valvu kumi na sita iliyonisubiri stoo mwaka mzima, na mashindano ya magari kwenye barabara za vumbi yalikuwa Disemba. Ningeendesha mimi, Sumeya angekaa kando yangu akinisomea kona. Kwa mwendo ule, bodi ikiwasaliti mnazikwa wawili. Nililijua hilo, wallahi, lakini sikuwahi kukaa chini nikalifikiria.

DX zilikuwa mbili. Moja iko Bahati kwa mama mmoja, Chemutai. Imebeba maziwa miaka ishirini, milango imeliwa na kutu, na kuku anatagia kiti cha nyuma. Ya pili iko Kiamunyi kwa mwalimu Kiprugut, nyekundu, inang'aa mpaka unaona meno yako kwenye boneti. Wewe ungechagua ipi? Basi na mimi vilevile.

Tulienda Kiamunyi na Ami Jalal, babake Sumeya, kwa sababu kwetu hakuna anayenunua gari kabla mkono wa Ami haujaigusa. Yeye ndiye aliyemfundisha Sumeya kazi. Lakini tulipoingia getini tu na kuiona ile nyekundu, alisema magoti yanamuuma, atabaki ndani ya pikapu. Sikujali, nilishakuwa chini nikipapasa taa.

"Boss, amua," Kiprugut akasema. "Kuna mtu ametoka Eldoret asubuhi kuijia hii. Sasa hivi amepita Salgaa."

Sumeya akaanza. Ti, ti, ti, mbele yote. Akafika kwenye nguzo ya katikati, pale mlango wa mbele unapofungia. Du. Akagonga tena. Du. Akatoa sarafu, akakwangua rangi, na chini yake kulikuwa na fila, ile lipu ya kuficha mabonde, nene kama chapati. Akainua kapeti, akalala kifudifudi na tochi mdomoni.

"Ni kutu?" nikamuuliza.

"Si kutu."

"Sasa shida iko wapi?"

Aliinuka polepole. Hakuniangalia mimi, aliangalia pikapu.

"Yaseen, twende Bahati."

"Kwa nini?"

"Twende tu."

Nilichemka. "Ala! Twende tu? Umezoea mikweche mpaka gari nzima inakutisha! Yule wa Eldoret akiichukua nitapanda nini Disemba, punda?" Nikatoa simu nimtumie Kiprugut pesa hapo hapo. Sumeya akanikamata mkono, kucha zikaniingia.

"Usitume."

"Niambie sababu!"

Macho yalimjaa machozi, na Sumeya si mtu wa machozi. Hata kidole kikibanwa na mlango yeye hutukana tu. Niliogopa kidogo, lakini hasira ilikuwa juu, na kidole changu kilikuwa bado juu ya simu.

Ndipo mlango wa pikapu ukafunguka. Ami Jalal alikuja akichechemea, akainama, magoti yakalia, akapitisha dole gumba la kushoto pale chini ya kapeti.

"Huu mkia ni wangu," akasema.

Nikachungulia. Mchomo wa kuunga chuma ulipita sakafu nzima kutoka mlango hadi mlango, na mwisho wake ulirudi nyuma kama kijimkia. Hakuna fundi mwingine Nakuru anayemaliza mchomo hivyo, isipokuwa Sumeya, kwa sababu alifundishwa naye.

"Zilikuwa DX mbili," Ami akasema. "Moja imepondeka mbele, nyingine nyuma. Mwenyewe wa wakati huo aliniambia anataka ya kumfikisha sokoni tu. Nikakata, nikaunga nusu na nusu. Sikumwambia asiuze. Kwa sokoni itafika, Yaseen. Ukiitia injini yako, siku itakaporuka tuta, nyinyi mtaenda na nusu ya mbele."

Nikairudisha simu mfukoni.

"Baba," Sumeya akasema, "ningemwambia tukiwa njiani."

"Ungemwambia nini?"

"Kwamba ina kutu."

"Ungedanganya ili jina langu lisichafuke. Mimi nilikufundisha kuunga vyuma. Kuunga maneno nilikufundisha lini?"

Sumeya aliinamisha kichwa. Kiprugut alikuwa ameshika paa la gari yake, na nilidhani atatutusi. Sauti ilimtoka ndogo.

"Mzee, watoto wangu wanne hupanda hii."

"Nisamehe, mwalimu. Ilete kwangu Jumatatu, nitaifungua yote mbele yako. Ikikataa kunyooka sawasawa, nitaikata iwe vyuma chakavu na nikulipe. Sasa nipigie yule wa Eldoret."

Kiprugut akapiga, akaweka sauti ya nje. Ami aliishika simu kwa mikono miwili.

"Naitwa Jalal, fundi wa Section 58. Gari unayoijia niliiunga mimi, nusu mbili. Usiinunue."

Yule mtu akauliza, "Na zingine umeunga ngapi, mzee?"

Ami alimtazama binti yake, kisha akatazama chini.

"Tatu, zote DX," akasema. "Sijui ziko wapi."

Tulielekea Bahati kuchukua ile ya kuku. Nilikuwa kwenye usukani. Njia nzima, kila DX tuliyopishana nayo, Ami aligeuza shingo akaifuata kwa macho, na mimi nikapunguza mwendo bila kuambiwa.