Leo mpira umetuomba tarehe

Jamani, leo wenye mpira wamekuja kanisani kutuomba tarehe!

Mnakumbuka ile fainali ya Arua na Koboko? Tuliweka tamasha letu la vijana siku hiyohiyo.

Mabenchi matupu.

Basi tukapakia adungu zetu, vile vinubi vya kwetu, kwenye boda mpaka uwanjani, tukazipiga wakati wa mapumziko. Watu wakajaa katikati ya uwanja wakicheza. Refa alipuliza filimbi mpaka akachoka!

Leo baada ya ibada, mwenyekiti wa mashindano akanishika mkono: "Dada, tamasha yenu iko lini? Sisi tutaweka fainali siku ingine."

Nikatazama juu kama mtu mwenye shughuli nyingi.

"Mzee, ngoja kwanza. Tutakujulisha."

Mliosema kanisa haliuwezi mpira, njooni hapa chini kwenye maoni muongee.