Sinia Moja, Mabalozi Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini, pale ofisini Raskazone, nilifokewa kabla sijaonyeshwa kiti. Nilipachika bendera mbili mezani, moja ikaipita mwenzake kwa unene wa kidole. Mkuu wa Itifaki akanivuta mkono hadi nje.

"Wewe mtoto wa Makorora, unataka kutuletea vita Tanga?"

Nikadhani ananitania. Thubutu! Itifaki, wanangu, ndiyo elimu ya nani aingie kwanza, nani akae kulia, nani asalimiwe kabla ya nani. Enzi zile mataifa makubwa mawili yalikuwa hayaangaliani usoni. Majina yao siyataji, adabu ya kazi hainiruhusu. Ofisini tuliwaita Mashariki na Magharibi. Ikibidi wakae meza moja, katikati tuliweka balozi wa nchi isiyogombana na mtu. Tulimwita godoro. Maskini, alikula huku anageuza shingo kila upande.

Kisha wakapatana. Tukashangaa walivyokumbatiana, sisi tuliokwishazoea kuwatenganisha kama majogoo. Ndipo wakaahidi kituo cha afya kijijini Moa, kwa pamoja: Magharibi wajenge na kuweka jenereta, Mashariki walete vifaa vya upasuaji. Nilifurahi kuliko wote, maana mpwa wangu Mwanahamisi ameolewa Moa, na mtoto wake wa kwanza alimfia tumboni, juu ya bodaboda, akikimbizwa mjini.

Kuta zilipokwisha kupakwa rangi, wakubwa wakagombana tena, safari hii vibaya zaidi. Kila upande ukaapa: tukidharauliwa siku ya makabidhiano, tunachukua chetu tunaondoka. Siku ikafika, wakaja wote wawili, kila mmoja na msafara wake. Godoro hakuja, alipata homa, au alijitia homa. Mwanahamisi alikuwa upenuni na wanawake wenzake, ana mimba pevu, macho yote kwangu.

"Sinia mbili," mkuu wangu mpya akaninong'oneza. "Na ukikosea, umestaafu leo hii."

Mwenyekiti wa kijiji akasikia. "Mbili za nini? Kwetu wageni wa siku moja hula pamoja. Anayetengewa chake ni adui. Haya niambie, adui yangu ni nani hapa?"

Tukaweka moja, imejaa pilau ya nyama. Katikati nikakaa mimi, kanzu imenigandia mgongoni kwa jasho. Balozi wa Magharibi akakaa. Wa Mashariki akabaki wima, anatazama gari lake. Desturi yetu, mwenye kukirimu huichambua nyama akamsogezea mgeni. Lakini nimsogezee nani kwanza? Nikakata vipande viwili, nikavisukuma kwa pamoja: mkono wa kulia kwa Mashariki, mkono wa kushoto kwa Magharibi.

Mkono wa kushoto ndani ya sinia! "Astaghfirullah!" wazee wakaguna. Balozi wa Mashariki akaketi, anatabasamu. Wa Magharibi akaurudisha mkono wake, uso umemwiva. Asubuhi ile ile mimi mwenyewe nilimfunza kwamba kushoto chakulani ni tusi. Akaanza kuinuka. Nikamwona Mwanahamisi anajiziba mdomo kwa kanga, nikajua nimemuua.

Mwenyekiti akanyoosha mkono wa kulia, akakichukua kile kipande cha kushoto, akakitia kinywani mwake.

"Hicho kilikuwa changu," akasema, anatafuna. Akachambua ubavu, mnono kweli kweli, akamwekea Magharibi mbele. "Chako hiki, Mheshimiwa."

Mkalimani akatafsiri. Balozi akamtazama mzee yule, akautazama ubavu. Akakaa, akala.

Mabalozi hawakupeana hata mkono. Lakini pilau ikaisha, na kituo kikafunguliwa.

Sasa nimestaafu kweli. Mkuu yule wa sinia mbili hadi leo tukikutana sokoni huuficha mkono wa kushoto mgongoni, kunikejeli, mfidhuli mkubwa. Na wakubwa wenyewe bado wanatukanana redioni. Walipatana, watapatana tena, watagombana tena, mimi nimeshachoka nao. Vijana wa barazani huniuliza niko upande gani. Huwaambia waende zao.

Mwezi ule wa makabidhiano haukwisha, Mwanahamisi akashikwa na uchungu, mtoto amelala mshazari. Akapasuliwa palepale Moa, kwa vifaa vya Mashariki, chini ya taa za Magharibi. Mimi nilikuwa nje ya mlango. Niliposikia mtoto analia, nililia kuliko yeye, wala sikuona haya.