Stika ya Kijani Mlangoni mwa Mama

Watu wa mtaa wetu, kule Baba Dogo kando ya mto, wanajua kudanganya kwa adabu. Hawapandishi sauti, hawaapi. Wanakukaribisha chai, wanakuuliza habari za nyumbani, kisha wanakuambia maji hayajawahi kuingia ndani. Na bingwa wao ni mama yangu mzazi.

Ndivyo walivyowapokea watafiti wa chuo kikuu waliokuja pamoja na watu wa kaunti. Watafiti hao walikuwa na programu ya kompyuta inayoonyesha, mvua ikizidi, mto utafurikia wapi. Kaunti ingeitumia kuamua mtaro mpya uchimbwe upande gani. Lakini kompyuta, walisema, inajua miinuko na mabonde tu. Mengine lazima wenyeji waseme. Basi wakatandaza ramani kubwa juu ya meza za kanisa, wakatugawia stika. Nyumba inayoingia maji ibandikwe nyekundu, iliyo salama ibandikwe kijani.

Nyekundu! Kwa watu wanaokaa kando ya mto! Jamani, hawa walisomea wapi? Kwetu nyekundu ni ile X inayopakwa ukutani asubuhi na mapema, na nyuma yake linakuja tingatinga kubomoa. Watu walizishika zile stika kwa ncha za vidole, kama sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi.

Mimi nilikuwa nimetoka kwangu Njiru kumsindikiza Mama tu, nikakaa nyuma na mandazi yangu. Yeye, kwa kuwa ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, aliitwa wa kwanza. Binti mtafiti akamwambia, "Karibu, shosho." Lo! Shosho ni bibi kwa lugha isiyo yetu; Mama ni mtu wa Kakamega na hajawahi kuwa shosho wa yeyote. Alimtazama yule binti kutoka kichwani hadi viatuni, akachukua stika ya kijani, akaibandika juu ya nyumba yake na kuisugua kwa kidole gumba ishike vizuri.

"Kwako maji hayaingii kabisa?" binti akauliza.

"Maji? Labda ya mfereji, na hayo yenyewe huja yakipenda."

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha ukamfuata. Jirani yake ambaye kitanda chake kimeinuliwa juu ya matofali tangu nimfahamu, kijani. Mama mboga ambaye friji yake inakaa juu ya meza kama mgeni rasmi, kijani. Fundi viatu mmoja alizidisha bidii, akabandika ya kijani katikati ya mto wenyewe. Nilicheka hadi chai ikanitoka puani.

Mimi mwenyewe sikuona uongo mkubwa hapo. Kila nilipomwuliza Mama, aliniambia maji hufika kwenye kizingiti, yanageuka na kurudi yalikotoka. Nilidhani mto pia unamwogopa.

Baada ya wiki kadhaa watafiti walirudi na majibu. Waliwasha projekta, ramani ikatokea ukutani juu ya madhabahu, na kompyuta ikaanza kunyeshesha mvua yake. Mvua ya kompyuta haina heshima, haijui nani mwenyekiti wa nini. Rangi ya buluu ilipanda ukingo, ikameza safu yetu yote, stika za kijani zikiwa ndani yake. Hakuna aliyecheka.

Binti, ambaye sasa alikuwa amejifunza kusema "Mama", alieleza taratibu. Kompyuta inasema maji yanafika hapa, lakini nyinyi mmesema hayafiki. Ng'ambo ya mto watu wamesema yanafika. Mtaro ni mmoja. Mambo yakibaki hivi, utachimbwa ng'ambo. Mwenye kutaka kurekebisha, leo ndiyo siku ya mwisho.

"Na hizo nyekundu," fundi viatu akauliza, "si ndizo za kubomolewa?"

Afisa wa kaunti akakohoa. Akasema ramani hii ni ya mtaro. Kuhusu kubomoa, yeye hawezi kuisemea ofisi nyingine. Heri angekaa kimya tu.

Nyumba ya Mama ilijengwa na marehemu baba, bati kwa bati, akitoka zamu kiwandani. Mama akikubali nyekundu, huenda wakaja kuibomoa. Aking'ang'ania kijani, mtaro unaenda ng'ambo na mto unabaki kwake. Nilimwona akiikunja leso yake, akiikunjua, akiikunja tena.

Akasimama. "Maji yanaingia," akasema. "Mvua zilizopita yalinifika kiunoni. Nilipanda juu ya meza, nikawasha redio, nikakaa hapo mchana kutwa mpaka yakashuka." Kisha akanielekezea kidole mbele ya watu wote. "Huyu hapa alinipigia simu. Nikamwambia nasikiliza nyimbo."

Simu hiyo naikumbuka. Nilimwambia apunguze redio, anaishi kama msichana wa disko. Alicheka, nami nikacheka, nikakata simu nikaendelea na kazi yangu.

Akaenda kwenye ramani iliyotandazwa mezani, akaanza kuibandua stika yake kwa kucha. Aliisugua vizuri mno siku ile. Ilitoka na kipande cha karatasi. Juu ya tundu hilo akaweka nyekundu. Jirani yake akainuka, kisha mama mboga, na foleni ikaanza. Binti aligawa stika nyekundu.

Mama aliporudi alipitia kiti changu, akaniinamia. Sauti yake niliijua tangu utotoni, na sikuwahi kuisikia ikiomba.

"Wakibomoa," akasema, "usinipeleke kwako Njiru."

Nikamwambia sitampeleka, na sikujua ningempeleka wapi.