Kiti cha Kando ya Pipa la Taka

Kila mwisho wa msimu, baridi ikishapungua makali, timu yetu ya mpira ya wahamiaji hukutana kwenye bustani moja pale St Marys kuwapanga makocha wote waliowahi kutufundisha, kuanzia bora hadi mbovu. Hatutumii karatasi. Tunawapanga wenyewe, wazima wazima, kwa viti vya kukunja. Kiti cha kwanza huwekwa karibu na nyama, na anayekikalia hukatiwa kipande cha kwanza. Kiti cha mwisho huwekwa kando ya pipa la taka la manispaa, na anayekikalia hula mkono mmoja ukifukuza nzi. Wengine wanajaza hapo katikati. Kocha aliyehamia Brisbane au Melbourne huwekewa kiti kitupu chenye chupa ya maji, na chupa nayo inasogezwa juu na chini kama mtu.

Wanaopanga ni mashabiki, yaani sisi wake, mama na mashemeji tunaosimama uwanjani kwenye baridi kila Jumamosi, tukipigia kelele timu ambayo hakuna gazeti litakaloiandika. Mtu akikusogeza chini, una haki ya kubisha. Ukishindwa kubisha, unabeba kiti chako unasogea. Wakenya tunasema mchezo huu waliuleta Wakongo, Wakongo wanasema ni sisi, na Warundi wetu wachache wanasema wao walikuta tayari upo. Mimi sijali ulitoka wapi. Ninachojua ni kwamba watu wamenuniana kwa ajili ya viti vile hadi Krismasi.

Mume wangu alikuwa kocha wetu kwa msimu mmoja tu, na ulitosha. Tulipigwa nyumbani, tukapigwa ugenini, na mechi ya mwisho, ambayo hata sare ingetuokoa, tukapigwa tatu kwa mbili na kushuka daraja. Wiki chache baadaye mgongo wake ukamkatalia kazi ya stoo, kazi aliyoifanya tangu tulipofika nchi hii. Mtu aliyezoea kuamka gizani akaanza kukaa nyumbani Penrith akiangalia ua na kamba ya nguo.

Kwanza aliacha kwenda uwanjani. Kisha akaacha kwenda kanisani, akisema viti vya kule vinamuumiza mgongo. Mwishowe akaacha kusema. Sisemi kwamba alikuwa bubu. Ukimuuliza chai, atakwambia ndiyo. Ukimuuliza amelalaje, atakwambia vizuri. Lakini yule mwanamume aliyekuwa akibishana na redio, akibishana na mhubiri kimoyomoyo hadi midomo inacheza, aliyenioa baada ya kubishana nami safari nzima kutoka Nakuru hadi Nairobi, huyo sikumwona tena kwa karibu mwaka mzima. Mimi ni muuguzi. Najua jina la hali ile na nilimpeleka kwa daktari mwenyewe. Dawa zilimpa usingizi, nikashukuru. Maneno hazikumrudishia.

Niliogopa, nitasema wazi. Nilikuwa nikirudi kutoka zamu nikisimama mlangoni kwanza, nisikie kama kuna sauti yoyote ndani, hata ya televisheni.

Mwaka jana hakuja kwenye kupanga viti. Wakamwekea kiti kitupu na chupa, kama vile amehamia Melbourne. Mimi nilikuwepo, nikaona jinsi walivyokiweka katikati kabisa ya mstari na kukiacha pale, hakuna aliyekigusa. Nilidhani ni heshima. Nikarudi nyumbani nikiwa nimewashukuru wote.

Mwaka huu nikaamua atakuja. Nilimwambia bega langu linauma na siwezi kubeba sufuria ya pilau peke yangu. Akaniangalia kwa muda, maana bega langu halikuwa na tatizo lolote na naye si mjinga, kisha akaenda kutafuta viatu. Nilipoona anavaa viatu, nikaingia bafuni na kumpigia simu mwenyekiti wa timu. Yeye ni Mkenya mwenzetu, anafanya kazi ofisini mjini na hupenda mambo yapangike.

"Tunakuja naye," nikamwambia. "Tafadhali, msimguse. Mkifika kwake, mrukeni."

"Sister, usiwe na wasiwasi," akasema. "Nitahandle hiyo maneno."

Kazini mimi ndiye ninayewasimamisha wageni kwenye korido na kuwaambia wasimchoshe mgonjwa, wasimtajie habari mbaya, wakae kidogo kisha waende. Nilifanya vilevile. Mwenyekiti naye akafanya kazi yake kwa bidii kupita kiasi: akaunda grupu jipya la WhatsApp, akawatia watu wote wa timu isipokuwa mimi na mume wangu, akatangaza. Kwa hiyo tulipofika, kila mtu alikuwa anajua.

Na walimpokea, jamani, kama wanavyopokea watu waliofiwa. Mikono miwili miwili. "Pole, Coach." "Karibu sana, Coach." "Kaa hapa kivulini, Coach." Mtu akampokonya sufuria ili asiumie. Wanaume ambao zamani walikuwa wakimpiga ngumi ya bega na kumwita majina ya wanyama sasa walizungumza naye taratibu, kwa sauti ya hospitali. Mimi naijua vizuri sauti ile kwa sababu ni yangu. Akajibu ndiyo, asante, vizuri. Akakaa kwenye kiti walichomwekea katikati ya mstari.

Upangaji ukaanza. Kocha aliyetupa kombe akapewa kiti cha kwanza, na papo hapo shangazi mmoja akapinga, akasema kwa washambuliaji aliokuwa nao mwaka ule hata yeye na magoti yake angechukua kombe. Wakamshusha kiti kimoja. Akapanda kocha ambaye hakuwahi kushinda chochote ila alileta machungwa yaliyokatwa kila mapumziko na hakuwahi kumtukana mtoto wa mtu. Chupa ya Brisbane ikapanda, ikashuka, mwisho ikadondoka na kumwagika. Nyama ilikuwa inatokota badala ya kuchomeka, kama kawaida ya yale majiko ya umeme ya bustanini, na wanaume walikuwa wakiilalamikia kama kila mwaka. Kule mwisho, kando ya pipa, alikaa mchungaji wetu Mkongo. Alikuwa kocha zamani, na aliifungisha timu nzima mfungo wa siku tatu kabla ya mechi kubwa, wachezaji wawili wakaanguka kabla ya mapumziko. Pipa ni lake kila mwaka, hata habishi tena. Siku hizi huja na kipepeo chake cha kufukuzia nzi.

Wakafika kwa mume wangu. Mwenyekiti akakohoa. "Coach wetu huyu akae hapo hapo katikati, ama?" akasema. "Pako sawa hapo." Watu wote wakasema sawa, sawa, haraka haraka, na mmoja akaanza kuuliza kuhusu soda.

Nikamwangalia. Alikuwa ameshika mikono ya kile kiti, anaangalia chini. Mtu aliyetushusha daraja, amekalishwa katikati ya mstari, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Alielewa. Mtu hahitaji grupu la WhatsApp kuelewa jambo kama lile. Niliona sasa nilichokuwa nimefanya: nilikuwa nimewaomba watu arobaini wamfungie kwenye kimya kilekile alichojifungia mwenyewe pale nyumbani.

"Chairman, ngoja kwanza."

Aliyesema ni mama mmoja wa Kikongo, wa Bukavu, mwenye kitenge cha kijani na mwiko mkononi. Mwanawe ndiye kipa wetu. Baadaye aliniambia kwamba ujumbe wa mwenyekiti aliuona, ila hakuona unamhusu.

"Uyu papa," akasema akimwelekezea mume wangu mwiko, "juu ya nini anaikala pa katikati?"

"Mama, please," mwenyekiti akasema. "Tumeshapita hapo."

"Hatuyapita! Mutoto wangu ni gardien, anadaka tangu akiwa mudogo. Uyu papa, match ya mwisho, akamuondoa pa goli, akamutuma mbele apige ma-but. Alipiga ngapi? Zero! Na pa goli akaweka nani? Kale kamuntu kafupi kama mimi! Balipiga mupira juu ya kichwa yake, mara tatu, minaona na macho yangu. Na uyu ni wa katikati? Vraiment?"

Nilitaka kwenda nimshike yule mama mkono, nimvute kando, nimweleze. Yeye hakuningoja.

"Papa, simama," yule mama akasema. "Beba kiti."

Mume wangu akainua kichwa.

"Mama," akasema. Sauti ilitoka na kutu, akakohoa, akaanza tena. "Mama, mshambuliaji wangu alikuwa kazini. Walimpigia asubuhi ile aende zamu. Nilikuwa na watu kumi na mmoja pamoja na aliyekuwa na kifundo kimevimba. Sasa mimi ningemtuma nani mbele? Wewe?"

"Ungenituma! Ningepiga moja!"

"Na mwanao ana mguu wa kushoto mzuri kuliko mtu yeyote kwenye timu hii. Nilimwona mazoezini. Na kwenye mechi mpira wake uligonga mwamba! Mwamba, mama! Ungeingia ule, leo ningekuwa nimekaa pale kwenye nyama, na wewe ndiye ungenikatia!"

"Mwamba haihesabiwe!"

"Inahesabiwa kwa Mungu!"

Mtu akacheka, kisha akajiziba mdomo. Mume wangu alikuwa amesimama bila kushika mgongo. Binti yetu, ambaye alikuja kwa treni kutoka Kensington anakosoma chuo kikuu, akanisogelea, macho yamemtoka.

"Mum, Dad's yelling."

"Mwache," nikamwambia. "Mwache apige kelele."

Walibishana muda mrefu. Watu waliokuwa wakiongea naye kwa sauti ya hospitali wakaanza kuingia mmoja mmoja, wa kwanza akiwa mwenyekiti mwenyewe. Ikaonekana alikuwa na hasira yake ya kona moja ambayo timu ilipiga fupi wakati kila mtu alikuwa ameambiwa ipigwe ndefu, na alikuwa ameibeba hasira hiyo kifuani muda wote huu kwa adabu. Wakamsogeza mume wangu kiti kimoja. Akabisha. Wakamsogeza cha pili. Akabisha zaidi, akamtaja beki aliyekuwa akichelewa mazoezi kwa sababu ya mchumba, na yule beki alikuwepo, na mchumba naye alikuwepo. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na siku ile hawakumchagulia. Walimtwisha yote. Naye akayapokea na kuwarudishia, uso umemwiva, jasho linamtoka, hadi akajikuta amebakiza kiti kimoja tu cha kushuka, uso kwa uso na mchungaji.

Mchungaji akaacha kujipepea. "Ndugu yangu," akasema, "mimi niliangusha wachezaji wawili. Wewe uliangusha timu muzima. Karibu pa pipa."

Mume wangu akakiweka kiti chake chini.

"Timu yangu," akasema, "angalau ilikuwa imekula."

Sijui nieleze vipi kicheko kile. Yule mama wa mwiko alikaa chini kwenye nyasi. Mchungaji mwenyewe alicheka hadi akavua miwani, kisha akainuka, akampa mkono, akashika kiti chake na kukirudisha pale pale kwenye pipa, na mume wangu akapewa cha pili kutoka mwisho. Akakikalia kifua mbele kama mtu aliyepewa shamba. Akaletewa nyama na mtu ambaye hakusema pole. "Kula, mjinga wewe," alimwambia, na akala.

Mimi nilikwenda nyuma ya gari, nikajifanya natafuta vijiko. Nililia kidogo, kisha nikacheka, kisha nikapata vijiko kweli.

Jua lilipoanza kuinama tukamshusha binti yetu stesheni, tukashika njia ya Penrith, mimi nikiendesha. Nilijiandaa kwa kimya, maana nilidhani siku imemchosha. Tulipotoka tu kwenye taa za kwanza akageuka kwangu.

"Yule mama hajui mpira," akasema.

"Hajui?"

"Hajui kabisa. Yule mtoto wake si kipa, nakwambia. Anadaka kwa sababu mama yake anataka adake. Ukimweka winga ya kushoto, ukampa mtu wa kumlisha mipira..." Akaanza kuchora kwenye kioo cha mbele kwa kidole, huyu anapita hapa, huyu anarudi pale, na mwamuzi wa mechi ile alikuwa nani vile, mrefu mrefu, aliyekataa penalti yetu, nilimkumbuka? Nikasema simkumbuki. Nilimkumbuka vizuri sana. Akanieleza penalti ile tangu mwanzo.

Kona ya kuingilia kwetu ikafika. Nikaiona, nikaondoa mkono kwenye indiketa, nikaipita. Tukavuka mto, barabara ikaanza kupanda kuelekea milimani. Yeye alikuwa bado yuko kipindi cha kwanza.